Mwagizaji Mkubwa Asiye na Mzigo

Wiki iliyopita mliniacha mlangoni kwangu, nimevaa kaptula na kandambili, gari la forodha limesimama mbele yangu na dereva ananiambia, "Bosi anakuhitaji. Vaa shati."

Nilivaa.

Kwa ambaye hakuwa nasi: mimi ni mjaza fomu wa mpakani. Niliacha shule darasa la tano, lakini mwandiko wangu ulibaki darasani ukaendelea kusoma. Kwa miaka ishirini na mbili nilikaa kwenye meza yangu chini ya bati, mkabala na dirisha la forodha, nikiwajazia fomu za mizigo madereva wa malori na akina mama wafanyabiashara, nakala nne kwa karatasi ya kaboni. Ndiyo maana mpaka mzima unaniita Kaboni.

Kisha ukaja mfumo mpya. Karatasi zikapigwa marufuku, dirisha likafungwa, na kila mwenye mzigo akatakiwa ajaze mwenyewe kwenye kompyuta au simu. Mashine ndiyo inayoamua. Ikikuamini unapita njia ya kijani bila kuguswa. Isipokuamini unaingia njia nyekundu, na mzigo wako unafunguliwa mpaka boksi la mwisho.

Nikabaki na meza yangu kama kinyozi katika kijiji cha vipara.

Ndani ya gari nilijaribu kumpima dereva.

"Bosi amekasirika?"

"Ameagiza chai ya watu wawili."

"Hiyo ni dalili nzuri au mbaya?"

"Mzee, mimi naendesha tu."

Bosi mwenyewe nilikuwa sijamwona kwa karibu. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliletwa kutoka makao makuu wiki moja na mfumo, na wapakuzi walikuwa wakisema yeye na mfumo walikuja kwenye boksi moja.

"Karibu mzee. Kaa," akasema nilipoingizwa ofisini kwake.

Nilikaa kwenye ukingo wa kiti. Kilikuwa na magurudumu, kikarudi nyuma nami juu yake, nikajishikilia mezani nikajifanya nilikusudia.

"Hii namba ya simu ni yako?"

"Yangu."

"Unaitumia tangu lini?"

"Tangu simu zina antena."

Akanigeuzia kompyuta. "Mizigo elfu nne mia tatu na kumi na miwili. Miaka kumi na mitatu. Kosa hata moja hakuna. Mzee, wewe ndiye mwagizaji mkubwa kuliko wote katika mpaka huu."

Niligeuka nyuma kuona ni nani aliyeingia.

Hapa lazima niungame, maana ndiyo kazi ya ukurasa huu.

Fomu ya zamani ilikuwa na visanduku thelathini na tisa vya kujaza. Cha kumi na saba kilitaka simu ya mwenye mzigo. Sasa dereva amekabidhiwa funguo na turubai huko alikotoka, simu ya mwenye mzigo ataitoa wapi? Na dirishani alikaa ofisa mmoja tuliyemwita Bwana Muhuri. Huyo hakusoma fomu. Alitafuta pengo. Akiona kisanduku kitupu aliirudisha karatasi kwa kidole kimoja, kama anasukuma mende, na dereva akalala mpakani siku nyingine.

Kwa hiyo kila dereva aliyekosa namba, nilimwandikia yangu. Ukiniuliza kwa nini yangu: ndiyo pekee niliyoijua kwa kichwa.

Nani angedhani siku moja wangezichukua fomu zote kutoka stoo, na vumbi lake, wakaziingiza kwenye kompyuta? Majina ya kampuni mashine haikuyaamini, kwa sababu jina moja niliweza kuliandika kwa namna nane. Lakini namba ya simu ilikuwa ile ile, kwa mwandiko ule ule mzuri. Mashine ikaona: kumbe hawa wote ni mtu mmoja.

"Lakini bosi," nikasema, "hapo si kuna majina ya kampuni tofauti tofauti?"

"Mia tatu na arobaini. Nyinyi wafanyabiashara wakubwa ndivyo mlivyo. Mnajificha nyuma ya majina."

"Na mimi nakaa chini ya bati."

"Unyenyekevu," akasema, akanimiminia chai.

Kisha akaniambia alichoniitia. Ijumaa kutakuwa na uzinduzi. Watakuja wageni wa pande zote mbili za mpaka, na mfumo unahitaji Mfanyabiashara Mwaminifu wa kwanza wa kuonyeshwa watu. Atapewa leseni ya wakala wa forodha, na meza yake ndani ya jengo jipya.

"Meza?"

"Yenye droo."

Msomaji, unielewe. Wiki sita nilikuwa sijajaza fomu hata moja. Leseni ya wakala inataka cheti cha kidato cha nne, na mimi cheti changu pekee ni cha ndoa. Bila leseni, mtu mpakani ni mpita njia. Hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee ya kubaki katika kazi ninayoijua, nyingine haikuwepo wala haitakuwepo.

Kinywa kilikuwa kimeshafunguka kusema kweli. Nikakitilia chai.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, ameshika mwiko.

"Wewe ni mwagizaji?"

"Mfumo ndio unasema."

"Mwagizaji wa nini?"

"Vitu mbalimbali."

"Hata chumvi ya nyumba hii naagiza mimi."

"Mashine imehesabu, mke wangu. Mashine haina upendeleo."

"Mashine imekujua juzi. Mimi nimekaa na wewe miaka kumi na tisa. Mwaka jana ulinunua viatu, vyote vya mguu wa kushoto. Mtu huyo ndiye anaagiza makontena?"

Hapo mlango ulifunguka bila hodi. Alikuwa shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, mfanyabiashara wa chupa za chai. Akajitupa kwenye kochi na mkoba wake.

"Siku nne, shemeji. Siku nne niko njia nyekundu. Vijana wa forodha wamefungua chupa mia sita, wamechungulia kila moja kama madaktari wa koo. Kosa langu nini? Mashine hainijui. Mimi, mama mzima, hainijui."

"Pole shemeji."

"Nasikia wewe siku hizi ni kijani."

"Nani kakwambia?"

"Dereva wa bosi ameoa kwetu. Nipe namba yako, lori langu la pili linafika Jumatatu."

"Hilo siwezi. Namba ni ya mtu mmoja."

Shemeji akamgeukia mdogo wake. "Unamsikia mumeo? Alipokuja kukuposa alikuwa na nini huyu? Alikuwa na meza. Baba akakataa. Ni mimi niliyemwambia, baba, mwanamume mwenye meza, kiti kitafuata."

"Hakijafuata mpaka leo," mke wangu akasema.

"Mara moja tu, shemeji."

Nikamtazama mke wangu aniokoe. Alikuwa anakuna mwiko kwa ukucha, kana kwamba kuna kitu kimeandikwa juu yake.

"Mara moja tu," nikasema.

Naungama tena: hakuna aliyenishika mkono. Niliitaja mwenyewe, tarakimu moja moja, na shemeji akaniomba nirudie ile ya mwisho.

Jumatatu lori lake lilipita kijani kwa dakika tisa. Dereva alirudi kwa miguu kuuliza kama kuna kitu amesahau, maana tangu azaliwe hajawahi kuvuka mpaka bila kutukanwa.

Siri ya wawili ni siri, ya watatu ni tangazo. Shemeji alimwambia rafiki yake mmoja. Rafiki naye alikuwa na rafiki mmoja. Jumanne mchana namba yangu ilikuwa imeandikwa kwa chaki kwenye ukuta wa choo cha madereva, na chini yake mtu ameongeza: HUYU MZEE HANA MANENO.

Simu yangu ikageuka nyuki. Kila lori lililopita, mfumo ulinitumia ujumbe: mzigo wako umeruhusiwa, asante kwa uaminifu wako. Mabomba. Asante. Rangi ya nyumba. Asante. Vitanda. Matairi. Vioo. Asante, asante. Hadi jioni betri ilikuwa imekufa mara mbili. Nilikuwa naagiza kuliko serikali.

Heshima nayo ikaja. Mama muuza chai wa hapo mpakani alinitoa kwenye benchi akanipa kiti chenye mgongo. Mabroka ambao mwezi uliopita walinipita kama nguzo ya umeme, sasa walinisalimia kwa mikono miwili.

"Shikamoo Mwagizaji."

"Marahaba. Leo mmeniingizia nini?"

"Tanki za maji, mzee. Nzuri sana."

"Basi nishukuruni."

Nilicheka nao. Sitadanganya, nilicheka sana. Miaka ishirini na mbili nimeandika mali za watu, safari hii mali za watu zilikuwa zinaniandika mimi.

Jumatano akaja Bwana Muhuri.

Alikuwa ametolewa dirishani, siku hizi anaandika namba za malori getini. Alikaa kwenye benchi nililoachia, akavua kofia.

"Kaboni."

"Bwana Muhuri."

"Nasikia Ijumaa unaapa."

"Kuapa? Niliambiwa napokea leseni."

"Kuna kiapo. Utaapa kwamba mizigo yote iliyopita kwa namba yako ni yako, au unaidhamini wewe."

Chai ilinipalia.

"Bwana Muhuri, mizigo elfu nne? Unajua kabisa si yangu. Wewe ndiye ulikuwa unarudisha fomu kwa pengo moja."

"Nilikuwa naondoa mapengo. Sikusema nilikuwa nasoma."

"Basi mimi nakwenda kumwambia bosi ukweli leo hii."

Akanishika mkono. "Ukisema namba ni za uongo, wataniuliza nani alizipiga muhuri. Zote ni mkono wangu, Kaboni. Nimebakiza miezi minne nistaafu. Nina mgonjwa nyumbani, nina mjukuu. Unataka niende kustaafia mahakamani?"

"Kwa hiyo ninyamaze?"

"Usinyamaze. Apa."

Macho yake yalikuwa na maji. Mtu aliyewaliza madereva miaka yote hiyo, leo analia mbele yangu mimi. Roho ilinilainika kama sabuni kwenye beseni.

Nikamwambia, "Usijali, mzee mwenzangu. Nitaapa."

Akanishukuru, akavaa kofia, akaondoka. Nilipomtazama kwa nyuma niliona anatembea wima mno kwa mtu aliyetoka kulia. Lakini niliona tu, sikufikiri.

Ijumaa ikafika. Palifungwa hema, viti vikavalishwa vitambaa. Wageni wa upande wa pili walikaa kulia, wa kwetu kushoto. Mke wangu na dada yake walikuwa safu ya tatu, shemeji amejifunga kitambaa kipya kichwani, kinang'aa kama bango.

Mbele ya hema ilikuwa njia ya kijani, na juu yake lango jeupe la chuma limefungwa utepe. Lango hilo lilisimama pale mwezi mzima. Sisi sote tulidhani ni pambo la sherehe.

Bosi alinisimamisha, akanitaja kwa sifa ambazo mke wangu alizisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nchi nyingine. Kisha nikapewa karatasi. Ajabu, baada ya kupiga karatasi marufuku, kiapo changu kilikuwa cha karatasi.

Niliisoma kwa sauti. "Naapa kwamba mizigo yote iliyopita na itakayopita kwa namba hii ni mali yangu, au nimeidhamini mimi."

Getini, Bwana Muhuri alivua kofia.

Nikatia saini. Makofi yakapigwa. Nilipewa leseni yenye picha yangu, ndogo kama kadi ya kliniki, na nilipoishika niliona meza. Niliona droo.

"Na sasa," bosi akasema, "wageni wetu wataona mfumo ukifanya kazi. Lori la mwagizaji wetu mwaminifu linakaribia."

Watu wote waligeuka kulitazama. Na mimi niligeuka kulitazama.

Lilikuwa lori la bluu, simjui dereva, sijui linakotoka. Likapita taratibu chini ya lango jeupe. Kumbe lango lilikuwa na macho. Kwenye skrini kubwa ndani ya hema ikatokea picha ya lori lote, tumbo wazi, kama samaki aliyepasuliwa.

Bosi akasoma. "Tamko linasema vikombe vya plastiki, katoni mia nane."

Tukatazama picha. Hata mimi wa darasa la tano najua kikombe hakina gia.

"Hizo ni injini za pikipiki," mgeni mmoja wa upande wa pili akasema. Alionekana kufurahi.

Dereva akateremshwa. Bosi akamuuliza kwa upole, "Mwenye mzigo ni nani?"

Dereva akatoa kikaratasi mfukoni, akakisoma kama anasoma somo. "Mwenye namba hii, bosi. Mimi simjui. Nasikia ni mzee mmoja mwaminifu sana."

Hema likacheka. Bosi hakucheka.

"Mzee Kaboni. Huu mzigo ni wako?"

Msinifanye shujaa kwa nililofanya baada ya hapo. Ilikuwa hesabu tu. Kuapa uongo ni kesi moja. Injini zile zilikuwa kama sitini, na sikujua nyuma yake kuna malori mangapi.

"Si wangu," nikasema. "Huu si wangu, na ule wa jana si wangu, na ile elfu nne yote si yangu. Sijawahi kuagiza kitu chochote maishani mwangu. Mimi ni mjaza fomu. Madereva hawakuwa na namba, nikawapa yangu ili wasilale mpakani. Na juzi nikampa mtu mmoja, ikaandikwa chooni."

Hapo kicheko kilikatika. Safu ya tatu, shemeji alikuwa anafungua kile kitambaa chake kinachong'aa, taratibu, anakiingiza kwenye mkoba.

Bosi akawaambia wageni, "Samahani, tutakunywa soda kidogo." Akanigeukia. "Twende ndani."

Nilitembea nyuma yake nikihesabu hatua. Nilijua leseni inarudi. Nilikuwa nawaza kama nitaruhusiwa kuaga.

Alifunga mlango, akakaa.

"Najua," akasema.

"Unajua nini, bosi?"

"Kwamba si yako. Nilijua kabla sijakutumia gari. Na ulipofika nikahakikisha: mwagizaji wa mizigo elfu nne angekuja na mwanasheria. Wewe ulikuja na kandambili."

Nikatazama miguu. Ni kweli, siku ile nilivaa shati tu.

"Basi kwa nini ulinisifu vile?"

"Kwa sababu wakwepa ushuru wa mpaka huu siwajui, mzee. Wako wengi, wananijua wao. Nilihitaji mlango mmoja ambao wote wataukimbilia wenyewe. Nikaifanya namba yako iwe kijani, nikangoja uitoe."

"Na kama nisingeitoa?"

"Mtu aliyewapa namba yake madereva elfu nne asiowajua?"

Nikaigeuza leseni mkononi, picha ikitazama chini.

"Lango linapiga picha tangu Jumatatu," akaendelea. "Malori sitini na tatu. Yote tumeyaacha yapite, yote tunajua yameshusha wapi. Wenye mali wamelala usingizi wakidhani wametuchezea."

"Na Bwana Muhuri? Mzee wa watu amebakiza miezi minne."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Bwana Muhuri alikuja kuniambia habari za namba yako siku ya pili nilipofika. Ndiye aliyejua ulivyo. Nilihofia utaungama kabla ya Ijumaa, ndiyo maana Jumatano nilimtuma akuzuie."

"Alilia."

"Alisema vitunguu vilimsaidia."

Msomaji, nimewahi kunyang'anywa kazi na mashine, mkayasoma hapa. Lakini mashine haijawahi kuniletea kilio cha vitunguu.

Bosi alisukuma karatasi kuelekea kwangu, na kalamu juu yake. Ilikuwa orodha. Siku, mzigo uliotajwa, mzigo uliopigwa picha, mahali uliposhushwa. Safu ya mwisho ilikuwa tupu: jina la mwenye mali.

"Nyumba na magodauni tumeyaona. Watu hatuwajui. Wewe miaka ishirini na mbili umekaa nao, unajua nani hupokea wapi na nani humtuma nani. Nijazie hiyo safu. Ukimaliza kwa ukweli, kiapo chako nakichana, leseni ni yako na meza ni yako. Ukinidanganya mstari mmoja, kiapo kinakwenda mahakamani kama kilivyo, na mizigo sitini na tatu inakuwa yako kweli."

"Mwenye droo," nikasema, sijui kwa nini.

"Yenye droo," akanisahihisha.

Nikashika kalamu. Mkono ulifurahi, nisiwafiche. Ulikuwa haujaona safu tupu kwa wiki sita.

Mstari wa kwanza, Jumatatu. Zimetajwa chupa za chai. Zimepigwa picha chupa za chai. Ghala la mawe karibu na stendi.

Hilo ghala nimelipaka chokaa mimi mwenyewe, kwa amri ya shemeji.

"Huyu simjui vizuri," nikasema. "Nianzie chini yake, nitamrudia."

Bosi aliweka alama ndogo pembeni kwa penseli.

Mstari wa pili, Jumanne. Yametajwa magodoro. Zimepigwa picha cherehani kumi na mbili. Mahali uliposhushwa.

Nikasoma. Nikasogeza karatasi kwenye mwanga nikasoma tena. Mtaa wangu. Geti la kijivu, mlango wa tatu, mwembamba. Nyumba ninayoilipia kodi tangu nioe.

Kwangu hakuna hata sindano. Lakini Jumanne kutwa nilikuwa mpakani, na nyumbani alikuwa mke wangu.

"Mzee," bosi akasema, "hiyo nyumba unaijua?"

Kabla sijajibu mlango ulifunguka, bila hodi. Hiyo ni tabia ya ukoo wao. Nilidhani ni shemeji. Alikuwa mke wangu, peke yake, ametulia kama maji ya mtungi. Alimsalimia bosi vizuri, akavuta kiti cha magurudumu, akakikalia, na kiti hakikusogea hata kidogo.

Macho yake yakashuka kwenye orodha, yakasimama mstari wa pili. Kisha akanitazama mimi, na nikaona kitu ambacho katika miaka kumi na tisa sijawahi kukiona: aliniogopa.

"Bosi," akasema, "nasikia unauliza mali ni za nani."

"Namuuliza mumeo."

"Wa nini kumsumbua tena?" Akaiweka mikono yake mapajani. "Ameapa mbele ya watu kwamba yote ni yake. Mimi ni nani hata nimpinge mume wangu?"